Waya wa Theluji

Ilianza Jumamosi, siku ya sita ya mfungo, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia. Kwenye lile ghala la vitu vya kontena kule Chang'ombe palikuwa na ukuta mzima wa saa za mtumba, kila moja ikisema lake. Baba alipoona nimezikodolea macho akaniambia ile ya chini, yenye picha ya jogoo, ndiyo inayolingana na ya mkononi mwake. Nikaishikilia hiyo. Mie watu wakiwa wengi huwaga natafuta kitu kisicho na macho.

Tulikwenda kuangalia gata, ile mifereji ya kushika maji ya paa. Kuangalia tu, baba alisema.

Nyumba yetu ipo Vingunguti, upande wa chini, ambako harufu ya machinjio inafika kabla ya adhana ya alfajiri. Vyumba vitatu vya mbele ni vya matofali ya saruji. Cha nyuma ni cha fito na udongo, kimepakwa chokaa, na ndicho chumba cha bibi, mama yake baba. Miguu ya bibi ilikufa miaka mitatu iliyopita. Vingine vyote vinafanya kazi. Dirisha lake linatazama uani, na akiwa kitandani anajua sufuria ipi imebandikwa, nani amechelewa kurudi, nani amenuna. Nimepewa jina lake, kwa hiyo yeye ananiita somo na baba ananiita mama. Ni bibi aliyenifundisha herufi za Kiarabu kabla sijapelekwa chuo cha Kurani, kwa kidole, juu ya unga kwenye ungo. Za Kizungu hakuwahi kuzijua. Barua zake zote za maisha, za Kiswahili, ameziandika kwa zile za Kiarabu.

Paa letu lote limeinamia nyuma. Mvua ikinyesha, maji ya bati zote yanashukia chini ya ukuta wa bibi. Zamani yalikuwa yanakwenda zake. Tangu jirani amwage zege uani kwake hayana pa kwenda, yanarudi kwetu. Vuli iliyopita yalikula pale chini mpaka fito zikaonekana kama mbavu za ng'ombe. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi bati hapo hapo mtaani. Alikuja, akachomeka kijiti kwenye udongo, kikaingia chote. Akasema, "Masika moja tu. Msipoweka gata, ukuta huu unakaa chini."

Bibi alisikia kupitia dirishani. "Basi wekeni," akasema. "Mie humu nimezaa watoto sita, na humu nimemfumba macho baba yao. Sihami. Mkinihamisha, nimekwisha."

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hilo: ama gata, ama chumba cha bibi.

Na bati tulikuwa nazo. Mama alikuwa na bati bapa nne, mpya, amezilaza chini ya kitanda cha bibi tangu mwaka juzi, amezifunika gunia zisishike kutu. Mjomba alikwishapima paa kwa kamba yenye mafundo. Jumatatu angeanza kukunja. Jumamosi ile baba akazitoa, akazifunga kwenye mkokoteni, akamwambia mama anampelekea shemeji yake. Nikafuata kwa kuwa baba aliniita. "Njoo, mama, unisaidie kusoma huko mbele." Nilidhani kusoma vipimo.

Tulipofika njia panda mkokoteni haukukata kwa mjomba.

Baba hapendi kazi ya mjomba. Hasemi hivyo. Anasema gata za kugonga kwa nyundo zinavuja maungioni, na ukweli nyingine zinavuja. Lakini mie nadhani kinachomkera ni kule kumtazama shemeji yake juu ya paa lake, akiimba, na mama anamtilia chai. Baba ni karani bandarini. Kila siku anaona kontena zinafunguliwa. Anasema, "Miaka yote tuliyopanga foleni ya sabuni tulivumilia vitu vya kugongagonga, kwa sababu hatukuwa na hiari. Sasa mlango umefunguliwa, mtu bado unataka cha kugonga?" Anaposema hivyo uso wake unakuwa wa kijana. Na mie nampenda baba akiwa na uso ule, niandike na hilo.

Ghalani palikuwa na gata kweli. Za plastiki, nyeupe, zimerundikwa kama mabua. Baba aliokota moja akaikunja kidogo, ikalia, ikachanika ubavuni. "Jua letu litazimaliza hizi," akasema. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, hakubisha. Alikuwa amefunga na alikuwa amechoka. Akaelekeza kwa kidevu: "Kama unataka kitu cha uhakika, kile pale. Kimoja tu kimebaki."

Lilikuwa boksi kubwa la kadibodi, zito, halijafunguliwa. Juu yake picha ya nyumba. Paa jeupe tupu, miti nyuma yake haina hata jani, na pembezoni mwa paa, juu ya gata, waya mweusi umepangwa unapanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Baba alisoma kwa sauti maneno makubwa aliyoyajua: paa, gata, mfumo. Akageuka. Palikuwa na wanaume watano sita pale, wengine wakichagua majokofu. Baba akawaambia, "Ngojeni, mhandisi wangu asome. Binti yangu huyu yupo kidato cha pili." Wakacheka vizuri, si kwa ubaya, wakanipisha. Mmoja akasema, "Haya, injinia, tufumbue macho."

Nikainama. Niliyasoma yote, ubavuni mwa boksi, tena taratibu. Yalikuwa Kiingereza chepesi kuliko cha vitabu vyetu. Yalisema waya huu unawekwa kwenye paa na gata wakati wa baridi ili barafu isigande. Theluji ikianguka inayeyuka, maji yanapata njia. Unajiwasha wenyewe baridi ikifikia kiwango cha maji kuganda. Gata hazimo, zinauzwa kivyake.

Hakuna neno ambalo sikulielewa. Hili ndilo nataka liandikwe mahali.

"Enhe, mama?"

Niliangalia ile saa ya jogoo. Nilijiona nikisema mbele ya wale wanaume, baba, hiki ni cha kuyeyushia barafu. Niliwasikia jinsi watakavyocheka, na safari hii si vizuri. Niliona uso wa baba ukizeeka.

"Ni ya paa na gata, baba," nikasema.

"Na picha hii, huu weupe ni theluji, siyo?"

"Ndiyo, baba. Theluji."

Baba akapiga boksi kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Mmesikia? Kinahimili theluji! Theluji, ndugu zangu, inalala juu ya paa miezi. Mvua itakishinda nini?"

Watu wazima sita wakaona hilo lina akili. Hata mie, kwa muda wa pumzi moja, niliona lina akili. Muuzaji naye akaongezea, "Waya unapata moto pale ukingoni, maji yanakauka kabla hayajadondoka. Wazungu hawataki kudondokewa." Nilimtazama kama anadanganya. Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameitazama picha ile siku nyingi na kuifikiria.

Alitaka kitu cha kubadilishana, na bati bapa mpya zilikuwa hapo nje juu ya mkokoteni.

Mama alipoona boksi alimaliza kwanza kumenya mihogo ya futari. Kisha akauliza, "Bati ziko wapi, baba watoto?"

"Zimezaa hicho."

"Na maji yanapita wapi humu?"

"Hayapiti. Yanakaushwa."

Mama akanitazama. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani, na ndoo ilikuwa imejaa.

Jumapili baba akapanda juu ya paa mwenyewe. Alipanga waya kama kwenye picha, akaubana na vile vibano vyake, akashusha mpaka kwenye kiboksi chenye taa mbili alichokipigilia karibu na dirisha la bibi. Kazi nzuri, si uongo. Msumeno wa meno yaliyolingana, kutoka kona hadi kona. Majirani wakajaa.

"Jirani," yule wa zege akaita toka ng'ambo ya ua, "hiyo antena itashika hadi Ulaya?"

"Wewe cheka tu."

"Sicheki, nimefunga. Nauliza tuje na mikeka yetu, au picha itafika mpaka kwangu?"

Mzee mmoja muuza kahawa akasema, "Mwacheni. Amelifunga kamba paa lake lisitoroke." Wakashika matumbo, wakilalamika kwamba baba anawakausha koo mchana wa mfungo.

Mjomba alifika mwisho. Yeye hakucheka, na naona hilo lilimuuma baba zaidi. Alitembea chini ya ukingo wote, shingo juu, mikono nyuma.

"Shemeji, hii inashika maji kwa wapi?"

"Haishiki, inakausha."

"Inakausha masika?"

"Ndiyo teknolojia hiyo."

"Mie nimekunja bati miaka ishirini," mjomba akasema polepole, "sijaona maji yakitishwa na waya." Akanigeukia. "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi. Pameandikwa nini pale?"

Baba akajibu toka juu, "Ameshasoma! Ni ya paa na gata!"

Nikaitikia kwa kichwa. Hiyo ikawa mara ya pili.

Umeme ulikuwa wa mgao. Uliporudi jioni, taa nyekundu ya kile kiboksi ikawaka, na baba akaita nyumba nzima tuione. Ya kijani haikuwaka. "Inasubiri mvua," baba akasema. Karatasi ya maelezo niliikuta ndani ya boksi, nikaichukua. Ilisema nyekundu maana yake umeme umefika, kijani maana yake baridi imefika na waya unapasha moto. Niliikunja nikaitia kati ya kurasa za daftari hili. Mchana, nikirudi shule, nilikuwa nakaa na bibi kumkanda miguu, na ile taa nyekundu ilikuwa inatutazama kupitia dirishani.

"Hiyo taa inanilinda, somo?" bibi akauliza siku moja.

"Ndiyo, bibi."

Sijui kama hiyo niihesabu pia.

Siku kumi na mbili nzima nilikuwa na nafasi. Mjomba angeweza kutafuta bati nyingine, au hata madebe akayafungua. Baba alikuwa anarudi kazini, anaoga, anakaa barazani peke yake kabla ya futari. Nilipita mbele yake mara nyingi. Mara moja nilisimama kabisa. Akasema, "Vipi, mama, njaa?" Nikasema ndiyo.

Mvua ilikuja Alhamisi, siku ya kumi na nane, muda wa kufuturu. Adhana ilikuwa haijaisha. Haikuanza na manyunyu. Iligonga bati mara moja kama kokoto zimemwagwa, tende ikawa bado mdomoni mwa baba. Alitoka nje bila viatu kwenda kuitazama taa yake. Nilimfuata mpaka mlango wa uani. Nyekundu. Maji yalikuwa yanashuka ukingo mzima, pazia moja, yakipita juu ya waya kama hayauoni, na mengine yalishuka kwa kufuata zile kona za meno, yamekusanyika, mazito kuliko hata zamani. Yalitoboa chini. Baba alikuwa anakipiga kiboksi kwa kiganja. "Washa," akasema. "Washa basi."

Mama ndiye aliyepiga kelele, "Bibi!"

Tulimtoa amebebwa juu ya mkeka aliokuwa amekalia kufuturu, mama na mie na jirani wa zege, ambaye aliruka ua wake mwenyewe bila kuitwa. Tulipomfikisha ukumbini ukuta ukakaa chini, kama alivyosema mjomba. Haukuanguka, ulikaa. Ulitoa sauti ndogo tu, kama mtu mnene akiketi kwenye mchanga. Kitanda cha bibi kikawa nje, kinanyeshewa, na shuka zimetandikwa vizuri.

Mvua ilipopungua ukumbi ulijaa watu. Wakamletea bibi uji. Yeye hakulia. Aliuliza tu kama sanduku lake la barua limetolewa, na mjomba akasema limetolewa. Kisha muuza kahawa, kwa kutaka tu mazungumzo, akamuuliza baba, "Kwani, bwana, ile mitambo yako imekuwaje?"

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, magoti yana matope. Alibandua tope gotini kwa ukucha. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Nilimtegemea huyu anisomee. Akasoma ndivyo sivyo. Ndiyo shule za siku hizi hizo, unalipia mtoto hata karatasi hajui."

Watu wakageuka. Wengine wakasema, masikini. Mmoja akasema mtoto ni mtoto. Nilitazama ukuta, hapakuwa na saa. Mama alinishika mkono akanivuta jikoni.

"Kweli ulisoma vibaya?"

Nikasema, "Kweli."

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema vile, maana mama angeniamini. Nadhani nilipima haraka. Kuwa mjinga ilikuwa nafuu kuliko kuwa yule niliyekuwa.

Ijumaa baada ya swala shangazi, dada yake baba, akaja na pikapu ya kukodi kumchukua bibi akakae kwake Buguruni. "Mpaka mjenge," akasema, na kila mtu alijua hatujengi mwaka huu. Baba alimbeba bibi mwenyewe mpaka kwenye gari, akamkalisha mbele. Bibi hakumwambia baba neno. Akaniita dirishani.

"Somo," akasema, "usijitie huzuni. Lugha ya watu ni ngumu. Hata mie ningekosea." Akanishika shavu. "Nimekusamehe."

Gari likaondoka. Nilibaki nimesimama pale. Nimesamehewa kosa la kutojua, kosa ambalo hata halikuwepo. Langu bado liko palepale. Na baba alisimama pembeni, amesikia kila neno, akarudi ndani.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, nikiutazama udongo wa bibi uliotandazika, na nikachana karatasi katikati ya daftari hili. Niliandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi zake, pole pole, kwa kuwa mkono umezisahau kidogo. Niliandika: Bibi yangu, nilisoma sawasawa. Nilijua ni waya wa kuyeyushia barafu. Nilijua tangu ghalani, kabla bati hazijashushwa, na karatasi yake ya maelezo niliificha. Nilinyamaza kwa sababu ya haya, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Usinisamehe kwa kutojua. Wako, somo.

Sikumtaja baba. Nilitaka, niseme kweli. Niliandika sentensi moja juu yake nikaifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Asubuhi yake, Jumamosi, baada ya kufagia uani nilivaa ushungi, nikalitia daftari kwapani, nikaenda Buguruni kwa miguu, nikifuata reli. Niliwahi. Shangazi alifungua mlango na mswaki mkononi.

"Asubuhi yote hii! Kuna msiba?"

"Shikamoo, shangazi. Hapana. Nimemletea bibi karatasi."

Bibi alikuwa kwenye kitanda cha wageni, kimetazama ukuta mtupu. Alichukua barua, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma huku midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena. Sikutoka nje. Nilikuwa nimejiahidi njia nzima kwamba sitatoka. Nilikaa chini kwenye sakafu, usawa wa miguu yake.

Akaikunja barua mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakunishika shavu.

"Na ile karatasi ya Wazungu unayo?"

"Ninayo, bibi."

"Isome."

"Kwa Kiingereza?"

"Isome ilivyo, halafu unieleze. Yote. Usiruke hata mstari."

Nikaitoa kwenye daftari, nikainyoosha kwenye goti, nikaanza kusoma kwa sauti.